Mayai Niliyokukataza

Eldoret,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama yangu,

Mulembe. Kabla hujaniuliza kama nimekula, nimekula. Watoto nao wamekula na wako nje wanaota jua, maana leo limetoka kidogo baada ya wiki nzima ya mvua na baridi. Wana mafua tu, hayo ya kawaida ya huku. Sasa wewe. Magoti yanasemaje? Na hapo kichwani ulipogonga jiwe, pamepona? Usiseme "niko sawa" kama kawaida yako. Rosa, ukifika hapa weka barua chini, umwangalie kichwa, halafu uendelee kusoma.

Ndiyo, nimeandika kwa mkono. Sijaandika barua tangu niolewe, na unajua niliishia darasa la sita, kwa hivyo Rosa, mke wa ndugu yangu anayekusomea, avumilie herufi zangu. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliniambia neno ulilosema. Alinipigia Jumatano nikiwa kazini, akaniambia amekupikia uji wa maziwa umekataa. Eti alikuambia, "Mama, Jentrix amesema ule," nawe ukamjibu: "Kwenye simu alisema niache. Sasa kwenye simu anasema nile. Nimwamini Jentrix gani? Aandike. Karatasi haisemi hivi asubuhi na vile jioni."

Nilicheka kwanza, Mama. Halafu nikaenda nyuma ya magunia nikalia, nikajifuta na leso iliyojaa vumbi la mahindi, macho yakawa mabaya zaidi.

Basi huyu ndiye Jentrix wa kuaminiwa, huyu wa karatasi. Na neno nalitoa mapema usije ukachoka kabla ya kulifikia: kula. Kula mayai. Kunywa maziwa. Kula ugali hata kama giza limeingia. Nimeondoa yote niliyokukataza. Na kwa vile nakujua, hutakubali neno bila kujua lilikotoka, wacha nikueleze nilikosea wapi.

Rosa alinisimulia siku uliyoanguka kisimani. Kwamba majirani walikubeba mpaka kliniki, nesi akakupima presha, akakupima damu, akakushika mkono hapa juu akaona ngozi inavyoning'inia. Halafu hakukuuliza wewe, alimgeukia Rosa. "Huyu mama hana ugonjwa mpya. Ana njaa." Watu wote kwenye benchi waligeuka kumwangalia Rosa. Njaa, na boma limejaa kuku! Njaa, na ng'ombe anakamuliwa kila asubuhi! Wewe ukasema neno moja tu, "Ni maagizo."

Maagizo ya nani, Mama? Yangu.

Unajua ilianzia wapi. Ilianzia kwa Baba. Alipoanguka shambani na presha mimi nilikuwa huku, na nilipofika mlikuwa mmeshamvalisha suti. Sikumshika mkono ukiwa bado na joto. Tangu siku hiyo kuna kitu kilikaa hapa kifuani hakijatoka, na nilijiambia wewe hutaniponyoka hivyo. Lakini mtu aliye mbali ana nini? Mikono yangu iko huku kwa mahindi ya wenyewe. Nilikuwa na simu tu.

Na simu yenyewe haikunyamaza. Akina mama wa kanisa tuna kundi letu, na kila asubuhi kabla sijawasha jiko sauti zilikuwa zimeshaingia. "Wataalamu wamegundua." "Utafiti umeonyesha." Mimi nikisikia hilo neno utafiti nilikuwa naacha hata kukoroga uji nisikilize. Nilidhani ni watu wamekaa kwenye chumba cheupe, hawali hawalali mpaka wapate ukweli, kisha wanautoa na kutuletea. Nani mimi nibishane nao?

Ndiyo nikaanza kukutumia. Chumvi, uache. Kiini cha yai, uache, kinaziba mishipa. Maziwa ni ya ndama. Ugali baada ya saa kumi na mbili unalala tumboni. Maji moto glasi nne kabla ya chai, na kitunguu saumu kibichi na limau. Wiki moja sauti ilisema avokado ni dawa ya wazee, wiki iliyofuata nyingine ikasema avokado ni sumu kwa wazee, na mimi nikakutumia zote mbili. Zote, Mama! Nilikuwa kama mtu anayefukuza ndege shambani: jiwe lolote linalokuja mkononi anarusha, haangalii linaangukia nani.

Nawe, mwanamke ambaye hata Baba hakuwahi kukubadilisha neno, ukatii yote. Rosa anasema ulikuwa unamwambia arudie kila sauti mara mbili mpaka uishike kichwani. "Ni mtoto wangu anaongea kutoka kazini," ulimwambia. Hapo ndipo panaponiuma.

Halafu mayai yakaanza kuja.

Ule mkebe wako wa bati wenye kifuniko cha buluu. Mara ya kwanza ulipofika nilimimina maharagwe, nikaona yai linachungulia, na jingine, na jingine, yote mazima, umeyapanga kama mtu aliyelaza watoto. Sikuyahesabu, unajua ulivyotulea, lakini yalijaa sufuria. Nikawaambia watoto, "Kuku wa nyanya yenu wametaga vizuri mwaka huu!" Tukakaanga na kitunguu, Brayo akafuta sahani na tonge la mwisho. Nilifurahi sana. Ukaleta tena. Na tena. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini mayai yamezidi huko.

Kumbe ni yale niliyokukataza. Nilikufunga mdomo, kisha nikala sahani yako.

Na cheka kidogo, Mama, usilie: mkebe nilikuwa narudisha na sukari ndani, kwa sababu ulitufundisha chombo cha mtu hakirudi kitupu. Wiki ile ile nikakutumia sauti kwamba sukari ni sumu. Rosa ananiambia mfuko wote bado uko juu ya kabati, haujafunguliwa.

Sasa sikia vile macho yangu yalifunguka, na yalifunguka kuchelewa.

Kazi yetu hapa stoo nilishakuambia. Mahindi yanakuja na malori kutoka upande wa Moi's Bridge na Soy, yanamwagwa kwenye turubai, sisi wanawake tunakaa chini tunachagua. Punje iliyooza kando, iliyoliwa na wadudu kando, yenye rangi ya ukungu kando kabisa, hata kuku hapewi. Mgongo unakauka, vumbi linaingia kifuani. Mnunuzi akija, ana mtu wake mwenye chuma kirefu chenye tundu. Anakidunga kwenye gunia, mahindi yanateremka kwenye kiganja, ngumi moja tu. Anaangalia, ananusa, anaandika. Hiyo ngumi moja ndiyo gunia lote. Na wale wachuuzi wajanja wanajua. Wanajua huyo mtu anapenda kudunga upande gani, basi hapo ndipo wanaweka mahindi mazuri. Mama Kiprono, huyo ninayekaa naye siku zote, ndiye aliyenionyesha siku zangu za kwanza. Aliniambia, "Chuma haijui gunia. Inajua mahali imeingia."

Basi siku moja, saa ya chakula, akaja msichana. Mpole sana, kitambulisho shingoni, ameshika kitu kama simu kubwa. Akaomba ruhusa kwa msimamizi, akachuchumaa mbele yangu pale pale kwenye vumbi na viatu vyake vyeusi vinavyong'aa. "Shikamoo Mum. Tunafanya utafiti wa vile watu wanakula. Jina lako haliandikwi."

Moyo wangu uliruka, Mama. Utafiti wenyewe, umenijia kwa miguu!

"Una watoto wangapi, Mum?"

Nikamwangalia. "Wapo."

"Ndiyo, lakini wangapi?"

"Wale Mungu alinipa."

Alicheka kwa adabu, akangoja na kidole juu ya ile simu yake kubwa. Nikakuona wewe pale jikoni, siku uliyonipiga kofi mkononi nilipohesabu vifaranga kwa sauti, ukasema mwewe naye ana masikio. Nitahesabu watoto wangu mbele ya mtu nisiyemjua, na magunia yanasikia? Nikamtajia idadi. Siyo yenyewe. Niliizunguka kama mtu anavyozunguka mzinga wa nyuki.

"Sawa. Na matunda? Unakula mara ngapi kwa wiki?"

Hapo mapajani nilikuwa na ugali wa jana na sukuma. Tunda nililokula mwisho lilikuwa pera la kwako, Krismasi. Nikaangalia vile viatu. Nikaona haya, Mama. Ungekuwa wewe ungesema? Mgeni akikuuliza umekula nini, unamwambia umelala na chai ya rangi?

"Kila siku," nikasema.

"Kila siku kabisa?"

"Ndizi. Na machungwa."

Mama Kiprono akakohoa. Nikamkanyaga mguu. Msichana akaandika, akauliza nyama, nikaongeza nyama. Akauliza chumvi, nikapunguza chumvi. Akanishukuru, akamhamia mwenzangu.

"Na wewe Mum, mursik unakunywa vikombe vingapi kwa siku?" Mursik ni yale maziwa lala ya wenyeji wa huku, ya kibuyu, yenye majivu ya mkaa, nilikuletea mwaka ule ukasema yana moshi kama paa la jikoni.

"Mimi?" Mama Kiprono akasema, chupa yake ikiwa nyuma ya mgongo. "Niliacha kitambo. Tumbo."

Msichana alipotoka tu getini, chupa ikatoka. Akapiga mafunda marefu, akajifuta mdomo, akaniuliza, "Mama Brayo, hiyo machungwa ya kwako imepandwa wapi? Nikuje na kikapu."

"Wewe uliyeacha maziwa kwa sababu ya tumbo!"

"Wacha! Wakijua nakunywa, kesho watasema ndiyo inatuua. Mimi niache mursik kwa sababu ya msichana ya viatu?"

Tulicheka mpaka msimamizi akapiga bati na fimbo.

Lakini niliporudi kuchagua, kicheko kiliisha chote. Vidole vinaenda, mbovu kando, nzuri kando, na mimi nikaanza kuona. Yule mtoto amedunga chuma chake, na sisi tumeweka mahindi mazuri pale pale chuma kilipoingia. Yeye hana kosa. Aliuliza vizuri, na uongo ni wetu. Sasa ataenda na ngumi yake, mtu mwingine ataisoma aandike gunia lote. Pengine wana njia ya kutugundua waongo, sijui, mimi sikusoma. Pengine pia hawana. Halafu siku moja mtu ambaye hata hakuisoma vizuri atarekodi sauti, "Utafiti umeonyesha," itaingia kwenye simu yangu kabla ya uji, mimi nitakutumia, na wewe utaacha kula kitu fulani kwa sababu mimi niliona haya kusema sina machungwa.

Nilishika punje mkononi, sikujua niitupe upande gani.

Na hapa nakuungamia, Mama. Siku hiyo ulikuwa bado hujaanguka. Nilijua, na sikukupigia. Nilisema nimechoka, nitapiga Jumamosi nikiwa nimetulia. Jumamosi nikafua, nikasema Jumapili. Wiki iliyofuata ukaanguka.

Usidhani sasa nimekuwa kama wale wanaosema hospitali yote ni uongo. Hapana. Brayo alipolazwa na kifua, ni dawa yao iliyomtoa, nilimwona kwa macho yangu anarudi. Gunia likiwa na mbovu ndani hatulitupi, na hatulipiki lilivyo. Tunakaa chini, tunachagua. Mimi nilikuwa nakupikia lilivyo.

Juzi Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda kliniki ya huku, siyo mgonjwa, kuuliza tu. Nilipanga foleni tangu asubuhi. Nesi mwenyewe ni mama mtu mzima, amevimba miguu, amechoka kama mimi. Nikamweleza yote mpaka mkebe. Akaniangalia.

"Mama yako alipimwa?"

"Alipimwa."

"Na aliyempima alisema nini?"

"Ale."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Nadhani aliniona uso, maana alishusha sauti. "Skiza, Mama Brayo. Dawa ya presha asiache, ameze vile ameandikiwa, na asimeze na tumbo tupu akaenda kubeba maji. Chumvi apunguze tu. Ale chakula chake cha siku zote. Na kama ana swali, aulize yule anamshika mkono akimpima. Asiulize yule anamtumia sauti."

Mama, alisema hivyo habari ya kushika mkono, bila kujua kwamba wa Baba sikuuwahi. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi kidogo kabla ya kutembea.

Kwa hivyo ukiona nimekuandikia haya, jua ni yaliyobaki kwenye turubai baada ya kuchagua. Vidonge vyako, kila siku, kama nesi wa huko alivyokuandikia. Chumvi kidogo, hiyo siyo yangu, hata yeye amesema. Lakini maji moto kunywa ukisikia baridi. Kitunguu saumu kitie kwenye mboga, ndiko kwao. Avokado ya ule mti wa nyuma ya jiko, kula saa unayotaka, jua halina habari na avokado. Fungua ile sukari utie kwenye chai, usiizidishe, lakini utie. Na ukiwa na shaka, mwulize yule nesi aliyekushika mkono akaona njaa yako, wakati mimi mtoto wako sikuiona.

Kwenye kundi la simu sijatoka. Nikitoka wataona nina kiburi, na hao ndio walinichangia Brayo alipolazwa. Sauti zitaendelea kuingia, lakini hazitatoka kwangu tena.

Nimechoka, Mama. Sikufichi. Si mgongo tu. Kuogopa kunachosha kuliko gunia, kwa sababu gunia unalitua. Nimechoka kukuangalia kwa masikio. Msimu huu ukipungua nitaomba siku chache nije nikuone unavyotafuna.

Nisalimie ndugu yangu, mwambie aache kumlaumu mke wake. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na majirani waliokubeba kutoka kisimani, Mungu awape mgongo. Nisalimie mama mchungaji, nimesikia alikuletea supu ukamrudishia. Akileta tena, kunywa.

Na wewe Rosa, mke wa ndugu yangu, nisamehe. Ulitazamwa vibaya kliniki kwa kosa langu. Hapa usiruke kwa sababu ya haya, soma kwa sauti: Rosa hakumnyima mama yangu chakula, ni mimi. Na kama majirani wako hapo nje, soma tena.

Barua hii analeta mama mmoja wa kanisa letu anayekuja huko kwenye matanga ya jamaa yake. Atarudi Jumamosi. Amebeba pia mkebe wako. Ndani kuna njugu nilizokaanga mwenyewe jana, mpaka juu, ni zako, si za wageni.

Sasa nisikilize vizuri hapa mwisho, kwa sababu naujua mkono wako. Ukimaliza kumimina njugu utaanza kuangalia kule kwa kuku. Usiangalie. Najua ulitufundisha chombo hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu, na sijawahi kukuomba uvunje neno lako. Leo naomba. Mayai yapikwe huko, uyale huko, Rosa akiwa anaona. Mkebe mpe huyo mama aniletee Jumamosi na kifuniko chake cha buluu. Nitaufungua mbele ya watoto, na nikikuta hakuna kitu ndani, hapo nitajua umekula.

Ni mimi mtoto wako, yule wa karatasi,

Jentrix.